Gauni Linalokua na Mtoto

Haji alipotutangazia kwamba atauza cherehani zote, mimi nilicheka. Sikucheka kwa furaha. Ndivyo nilivyoumbwa: nikipigwa na jambo kubwa, kicheko hutangulia, hasira hufuata, na machozi, kama yapo, hunikuta nimeshafika nyumbani. Wenzangu wakanikodolea macho. Haji naye akanitazama juu ya miwani yake, akauliza kuna nini cha kuchekesha.

"Hakuna, Haji," nikasema. "Endelea."

Akaendelea. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, nyuma ya duka lake la vitambaa pale Gitega. Babu yake alifika Burundi kutoka India akiuza vitambaa, baba yake akauza vitambaa, na yeye hakuwahi kufikiria kuuza kitu kingine. Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa, na Kifaransa kimetupwatupwa humo kama zabibu kwenye pilau: mais badala ya lakini, bon badala ya haya, alors badala ya sasa je. Hakuuzungusha ukweli. Sare za shule zilizoshonwa tayari zilikuwa zinatoka nje, zikishuka kwenye malori zimefungwa kwenye marobota, na bei yake ilikuwa chini kuliko yetu.

"Mi siko mutu mubaya," alisema. "Mais muone wenyewe. Ile inakuja imeshonwa tayari, iko na bei ndogo. Nyinyi munashona muzuri kabisa, lakini munashona polepole. Nimeshaagiza marobota. Yakifika, chumba hii tunafunga."

Tulikuwa mafundi wachache, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja alikuwa na lake la kupoteza. La kwangu nitalieleza, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nilipigana kama nilivyopigana.

Mimi nilikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Amani iliporudi nasi tukarudi. Lori lilitushusha pamoja na mabati yetu, masufuria na mbuzi mmoja mwenye hasira, chini ya kilima cha baba yangu huko Gasorwe, mkoa wa Muyinga. Baba alikuwa ametusimulia shamba lile kwa miaka mingi kiasi kwamba nilijua kila mgomba uliposimama kabla sijauona. Tulikuta ndugu zake wanalilima. Hawakutufukuza, nawashukuru kwa hilo. Waligawana nasi, kisha kaka zangu wakagawana tulichopata, na ilipofika zamu yangu mimi binti, kilichobaki kilikuwa kijia cha kwenda kisimani. Nikasema basi nipeni hicho kijia, kila anayeteka maji aniombe ruhusa. Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikafunga mzigo wangu, nikapanda gari kwenda Gitega kutafuta riziki kwa kazi niliyojifunza kambini, kazi ya kushona.

Kwa hiyo cherehani ya Haji ndiyo ilikuwa shamba langu. Ilikuwa sehemu pekee ya nchi hii ambayo nikikaa hapo hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala nitaondoka lini. Akiiuza, ningerudi kilimani kuwa mgeni wa kaka zangu, wa kupewa sahani na kuambiwa karibu kila siku mpaka nizeeke. Nilikuwa naogopa hiyo "karibu" kuliko nilivyoogopa njaa.

Sasa, namna Haji alivyopima kazi ilikuwa nyepesi. Kila fundi alishona gauni lake mwenyewe, kuanzia kola mpaka pindo, na jioni Haji alipita akihesabu yaliyomalizika. Aliyeshona mengi alikuwa hodari. Aliyekaa akitazama kitambaa alikuwa mvivu. Mimi nilikuwa mtazamaji mkubwa wa kitambaa, na kwa hesabu ya jioni jina langu halikuwa zuri. Nilijaribu kumweleza kwamba mtu anayefikiri na mtu anayesinzia wanafanana kwa nje tu. Alinijibu kwamba yeye anauza cha nje.

Wazo lenyewe lilikuja na mtoto aliyerefuka. Siku chache baada ya tangazo lile, mama mmoja aliingia dukani akimvuta binti yake anayesoma Mushasha, kwenye shule za kule kanisani. Gauni la kaki la yule binti lilikuwa zima. Halikuchanika popote, na vifungo vyote vilikuwepo. Kosa lake lilikuwa kwamba limebaki palepale wakati magoti ya mtoto yameshuka. Mama alitaka kipande cha kaki akiunge chini. Tulipokiweka kipya kando ya kile kilichofuliwa mwaka mzima, rangi zilikataana kama mke na wifi. Mama akaegemea kaunta, akashika tama, akasema kwa Kirundi neno ambalo sitaliandika.

Nilikuwa nyuma yake na mkasi mkononi, nikakumbuka kambi.

Kambini hakuna mtoto aliyeshonewa nguo ya kumtosha. Alishonewa nguo ya mtoto atakayekuwa. Mama alikikunja kitambaa kwa ndani, mkunjo juu ya mkunjo, akakishikiza, na mtoto akirefuka alifumua mkunjo mmoja. Kufumua ndiko kulikuwa na taabu. Unakaa na wembe, unakata uzi tundu kwa tundu, na mkono ukiteleza umetoboa nguo. Lakini kambini tulikuwa pia na magunia ya unga wa mgao. Midomo ya magunia yale ilishonwa kwa mshono wa mnyororo, na kila mtoto wa kambi alijua siri yake: tafuta ncha ya upande unaofaa, shika, vuta, na mdomo mzima unafunguka mara moja, trrrrr, bila kisu. Ukivuta upande mwingine uzi unajifunga, na mama anakufungua wewe kwa mwiko.

Mikunjo ile na magunia yale nilivijua tangu utoto, kila kimoja kivyake. Pale nyuma ya mama aliyeshika tama, kwa mara ya kwanza vikakutana kichwani mwangu. Nilitoa sauti, na yule mama akageuka akifikiri nimejikata.

Saa ya chakula nilibaki chumbani na mabaki ya kaki. Nilishona kigauni kidogo chenye mikunjo miwili ndani ya sketi na mmoja kila mkono, yote imeshikizwa kwa mshono wa gunia, kwa sindano ya mkono, maana cherehani zetu hazikujua mshono huo. Mtu wa kwanza kukiona alikuwa fundi mzee kuliko sisi wote, mtu wa Itaba, ambaye hakuwahi kuikimbia nchi hata mvua ya risasi ilipokuwa inanyesha, na ambaye alilalamika juu ya kila kitu: uzi, chai, sisi. Tulimwita Mzee tu. Nikamshikisha ncha, nikamwambia avute. Gauni likashuka mbele ya macho yake.

Akalirudisha juu kwa vidole, akalitazama kwa ndani, akanitazama mimi.

"We dada," akasema, "huko Tanzania walikuwa wanawafundisha uchawi?"

"Walikuwa wanatupa unga, Mzee."

Tukampelekea Haji. Alilipima kwa macho, kisha kwa utepe, na uso wake ukawa unakunjamana kadiri utepe ulivyorefuka. Kitambaa kingi zaidi. Muda mwingi zaidi. Aliuliza kama nina mpango wa kumfilisi kabla marobota hayajafika. Hapo kicheko changu kilikuwa kimeshaisha na hasira imeshachukua kiti. Nilimwambia kwamba magauni yake ya nje yatambana mtoto ndani ya mwaka mmoja, na hili litamfuata mtoto mpaka darasa la mbele; kwamba mzazi si mjinga, ataongeza kidogo leo kuliko kununua jipya mwakani; na kwamba yale majora ya kaki yaliyojaa ghalani, marobota yakifika, hakuna atakayeyataka hata kwa kufungia maharage.

Nadhani ni hayo majora yaliyomgusa. Mfanyabiashara unamtia huruma kwa bidhaa yake.

"Bon," akasema. "Jaribuni. Mais mukishindwa, musikuje kunililia."

Siku za kwanza tulishindwa, na tulishindwa vibaya. Mshono wa mkono ulikula muda. Haji alipopita jioni kuhesabu, magauni yalikuwa nusu ya kawaida, naye alitikisa kichwa tu akaenda zake. Wenzangu wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mmoja, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, aliniambia wazi kwamba kama ni kufukuzwa, angependa kufukuzwa akiwa amepumzika. Nilikuwa na wazo zuri na vidole visivyotosha.

Aliyetuokoa ni Mzee, na alituokoa kwa kulalamika.

"Nyinyi munafanya kama watu hawana majirani," alisema, akitupa sindano mezani. "Kwetu Itaba, mvua ikiwa karibu, hakuna mutu analima peke yake. Tunafanya ikibiri. Leo wote kwangu, kesho wote kwako. Hapa kila mutu iko na kashamba yake, analia peke yake. Ni nini hii?"

Ikibiri hata sisi tuliokulia ugenini tunaijua. Majirani huingia shamba la mmoja wao kwa pamoja, jembe kando ya jembe, wakalimaliza, kesho yake wakaingia la mwingine. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu Gasorwe, na tangu niingie chumba kile haikunijia hata siku moja kwamba meza ya kukatia nayo ni shamba. Tukasogeza cherehani zote zikatazamana. Rundo la mmoja likawekwa katikati, na kila mtu akachukua kile ambacho mkono wake unakipenda. Mzee alipenda kola, kumbe miaka yote alikuwa anachukia vifungo. Mama mwenye mtoto alikuwa na mishono ya mkono midogo na sawasawa kama mbegu za ulezi zilizopangwa, na hakuna aliyelijua hilo kwa sababu cherehani ilikuwa inaificha. Mimi nilikata. Rundo la mmoja likiisha, linawekwa la mwingine, na jioni kila mtu alihesabiwa la kwake kama Haji alivyotaka.

"Sasa na pombe?" Mzee akauliza siku ya kwanza. Mwenye shamba huwapa watu wa ikibiri pombe ya ndizi, na yeye alikuwa mtu wa kufuata mila.

"Pombe kwa Haji?" akamjibu mama mwenye mtoto. "Labda uisubiri peponi."

Tulicheka mpaka Haji akaja kuona kuna nini. Mzee, bila haya, akamweleza kwamba ikibiri isiyo na kinywaji ni utumwa. Haji alifikiri, akarudi dukani, na baada ya muda ikaja birika kubwa ya chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, ya nyumbani kwake. Mzee alionja, akalalamika kwamba sukari ni nyingi, akanywa vikombe vyake vyote na sehemu ya changu.

Magauni yaliongezeka, yakapita hata yale ya zamani ya kawaida. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kelele. Chumba ambamo zilikuwa zinasikika cherehani tu sasa kilikuwa na watu wanaobishana. Mama mwenye mtoto alisema uzi wa kushikizia uwe mwekundu, ili mzazi asikate mshono mwingine kwa bahati mbaya. Mwingine akasema tuache ncha ndefu na tuifunge fundo, iwe rahisi kushika. Mzee akasema mifuko ishonwe mara mbili, kwa sababu watoto hutia mawe. Kila wazo lilikuwa dogo, na kila dogo lilifanya gauni kuwa bora kuliko la jana yake. Watu walewale, mikono ileile. Haji alipita jioni, akahesabu, akarudia kuhesabu.

Likabaki jambo moja: kuuza. Haji alisema wazazi wa Gitega mjini wanapenda cha nje, tujaribu kwanza Muyinga ambako ana duka la pili. Mimi nikapiga kifua. Nikamwambia anipeleke Gasorwe, siku ya soko. Kule kumejaa watu waliorudi kutoka kambini kama mimi; wakiona mikunjo ile wataijua, na magauni yataisha kabla jua halijapanda. Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Gari lililopeleka mzigo Muyinga mjini lilitushusha Gasorwe, mimi na Mzee. Watu walikuwa wanashuka vilimani kutoka kila upande, na vikapu vya maharage, mikungu ya ndizi, kuku wameinamishwa vichwa. Tukafunga kamba kati ya miti miwili ya mkalitusi, tukatundika magauni, nami nikaanza kuita wateja kwa Kirundi na Kiswahili, kwa sauti niliyokuwa naitumia kambini kwenye foleni ya maji.

Walikuja, na kama nilivyosema, wa kwanza walikuwa watu wangu. Mbele yao alikuwa mwanamke mrefu, amemshika binti yake mkono, na alipofungua mdomo nilisikia Kasulu nzima, kulekule Kigoma. Alishika pindo, akaligeuza, akaona mikunjo.

"Dada, hizi si zile za kambini?"

"Ndizo!" nikasema, kifua mbele.

Akaliachia gauni kama limemuunguza. "Na wewe unatuletea hapa? Watoto wetu kila siku wanaitwa Watanzania huko shuleni. Tumerudi kwetu. Tunataka wavae kama watu wa kwao, wewe unatuvalisha ukimbizi mpya wenye vifungo. Zirudishe huko huko."

Hakupaza sauti sana, na ilitosha. Wenzake wakarudi nyuma. Waliokuwa wanakuja wakaona waliokuwa wanaondoka, wakaondoka nao. Nilisimama na pindo mkononi, masikio yanawaka. Ilikuwa haijanipitia akilini hata kidogo kwamba kitu ninachokikumbuka kwa kujivunia, mwingine anaweza kukikumbuka kwa aibu, na sote tulivaa kilekile.

"Ni hawa watu wako?" Mzee akauliza taratibu.

Niliiona cherehani yangu ikipakiwa kwenye gari la mtu. Niliiona ile sahani ya kaka zangu, na kilima chao kilikuwa palepale juu ya soko, nikiinua macho nakiona. Hapo hasira ilinipanda, na ninaishukuru mpaka leo. Nilitoa gauni moja kwenye kamba, nikapenya kati ya vikapu mpaka nikamfikia yule mwanamke mrefu.

"Dada, usininunulie," nikamwambia. "Sikuombi uninunulie. Nisaidie kitu kimoja tu. Nifungulie gunia."

"Gunia gani?"

Kabla hajamaliza kushangaa nilikuwa nimeshamvalisha binti yake lile gauni juu ya nguo zake. Lilikuwa fupi, juu ya magoti. Mtoto akasimama wima kama yuko kwenye picha. Nikaitafuta ile ncha nyekundu yenye fundo, nikaiweka kwenye vidole vya mama yake.

Akaiangalia. Kisha nikaona vidole vyake vikifanya kitu ambacho yeye mwenyewe hakuviambia vikifanye: viligeuka, vikaukunja uzi upande wa kushoto, vikavuta.

Trrrrr.

Gauni lilishuka mpaka chini ya magoti, likatulia. Mtoto akajitazama miguu. Halafu, kutoka nyuma kabisa kwenye wauza ndizi, sauti ya mwanamke ikapaa kwa Kiswahili safi cha Tanzania:

"Mgao umefika!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Walicheka wakashikana mabega. Wanawake waliokuwa wameondoka walirudi mbio, na yule mrefu alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, akasema, "Kumbe mkono haujasahau, mshenzi huu!" na akavuta uzi wa mkono wa gauni, na wa pili, kwa raha tu, huku mtoto akipiga kelele kwamba sasa mikono imekuwa mirefu mno. Wakulima ambao hawakuwahi kuondoka Burundi wakauliza kuna nini. Na wale waliorudi wakaanza kuwaeleza, wote kwa pamoja, habari za magunia, na foleni, na mwiko wa mama. Nilikuwa nimeishi Gasorwe na kuondoka, na sikuwahi kusikia watu wa pande zote mbili wakizungumza kambi huku wanacheka. Kwa kawaida tuliizungumza kwa kunong'ona, au hatukuizungumza.

Bibi mmoja wa palepale kilimani akataka naye ajaribu. Akashika ncha ya upande usiofaa, uzi ukajifunga. "Kushoto, mama, kushoto!" soko zima likamfundisha. Alipofaulu aliinua mikono kama aliyeshinda mbio, akanunua kwa ajili ya wajukuu. Yule mwanamke mrefu alinunua mawili. Mzee alikuwa anapokea pesa, anakunja magauni, analalamika kwamba watu wanasukumana, na uso wake unang'aa. Kamba ilibaki tupu ikicheza na upepo, na bado watu walikuwa wanauliza lini tutarudi.

Nataka niseme waziwazi nilivyojisikia. Nilijisikia mkubwa. Nilisimama katikati ya soko la kwetu, chini ya kilima ambako sikupata hata tuta la viazi, na mikononi nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu aliyenigawia. Kaka yangu mmoja alipita na mundu begani, akaona watu, akaniona mimi, akaniambia karibu nyumbani. Nikamwambia nitakuja, nikimaliza kazi.

Tulirudi Gasorwe tena na tena, na mambo yakasambaa kutoka huko. Muyinga mjini wakataka. Wazazi wa Gitega wakasikia, wakaja, na miongoni mwao yule mama wa Mushasha, ambaye safari hii alisema maneno yanayoandikika. Watoto wakaongeza jambo ambalo sisi hatukuliwaza. Mkunjo ukifunguliwa huacha mstari wa kaki ambao haujapauka, na wao wakaufanya alama ya ukubwa. Mwenye mstari alimwita asiye na mstari mtoto mchanga. Nilimsikia mmoja akimwomba mama yake avute uzi hata kabla hajarefuka, apate tu kujionyesha.

Siku hizi huwa naalikwa kwenye mikutano, nakalishwa kwenye viti vya plastiki, na mtu aliyevaa tai anatueleza uhusiano kati ya ubunifu wa mfanyakazi na ufanisi wa kazi. Huchora mishale ubaoni. Simpingi. Lakini moyoni huwa namwambia: ndugu yangu, mshale wako umeruka mahali. Kati ya wazo na kazi nzuri kuna siku kadhaa ambazo kazi inakuwa mbaya kuliko mwanzo, na mwenye duka anatikisa kichwa, na wenzako wanakutazama kwa pembeni. Asiyeweza kuzivumilia siku hizo, awe bosi au fundi, aendelee tu kuhesabu magauni jioni. Haji alizivumilia. Alinuna, lakini alizivumilia, na nitamheshimu kwa hilo maisha yangu yote.

Marobota kutoka nje yalifika msimu ukiwa umepamba moto. Haji hakutuonyesha. Aliyapeleka moja kwa moja kwenye duka la Muyinga, na sisi tukaendelea kushona huku tunasikiliza kila lori linalopita, kwa maana yeye hakuwa amefuta neno lake na sisi hatukuthubutu kumuuliza. Mimi nilikata kaki kila siku nikijiambia huenda ndiyo ya mwisho. Sikuwa na raha. Kuuza sana siyo sawa na kuambiwa baki.

Kisha asubuhi moja, tuko katikati ya rundo la Mzee, mlango ukafunguliwa kwa bega. Haji aliingia kinyumenyume, amelikumbatia robota yeye na dereva wake, wakalibwaga juu ya meza ya kukatia, katikati ya kola na mikono. Akarudi nje. Akaja na la pili. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye ndevu.

Alilipasua moja kwa wembe na magauni ya kaki yakamwagika, yamepigwa pasi, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki unaong'aa.

"Wamama wa Muyinga wanaingia dukani," akasema, akihema. "Wanashika. Wanageuza pindo. Wanatafuta uzi. Hawaoni uzi, wanarudisha. Mutu mumoja aliniambia, Haji, hii gauni iko mufu." Akavua miwani, akaifuta na pindo la shati lake. "Hizi hazikui. Alors? Munaweza kufanya nini?"

Tulikuwa tunaitazama ile meza. Mzigo ulioagizwa uje utufukuze ulikuwa umelala mbele yetu, unangoja tuuokoe. Mama mwenye mtoto alichukua gauni moja, akaligeuza, akasema pindo ni jembamba kama kamba ya kiatu, hapa hakuna cha kukunja. Mzee akalinusa, akalalamika juu ya harufu, kisha akaweka kidole kiunoni mwa gauni na kusema kwamba hapa tunaweza kukata, tukaingiza kaki yetu. Mwingine akasema mikono nayo. Wakaanza kubishana.

"Haji," nikamwita katikati ya kelele. "Na cherehani?"

Aligeuka kama nimemuuliza habari za mtu wa zamani sana.

"Cherehani gani? Niuze, halafu hii yote ishonwe na nani?" Akavuta kigoda, akakaa mezani kati ya Mzee na mama mwenye mtoto, akakunja mikono ya shati. "We acha maneno. Kata hapa, nione."

Nikachukua mkasi, nikakata.